Mkwe Hatazamwi

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita kufuli lilibanwa, nawe ukakunja gazeti ukinilaani. Haya, likunjue. Kufuli bado limebanwa, na walio ndani bado wamo ndani.

Kwa wewe uliyeingia leo, sikucheleweshi. Wamo wawili. Mmoja ni Mwalimu Tupokigwe, anayefundisha ushonaji katika Chuo cha Wananchi Ilolelo, juu kidogo ya Iyunga. Wa pili ni Hanifa, mwanafunzi wake, binti wa muuza vitenge wa Mbeya mjini. Hanifa ndiye aliyesingiziwa wizi wa kompyuta kumi na nne za chuo, na Jumanne ijayo atafukuzwa. Leo Jumamosi, saa sita na nusu mchana, wawili hao waliingia stoo iliyo ndani ya darasa la ushonaji kutafuta kitambaa cha bitana. Walipofunua marobota ya pamba za mito wakakuta kompyuta sita zimelala kama mayai kwenye kiota. Kabla hawajamaliza kushangaa, mlango wa chuma ukafungwa nyuma yao.

Aliyeufunga ni Bwana Vitus. Ndiyo, huyo huyo msimamizi wa usalama wa chuo, aliyeletwa kutoka Iringa kwa sifa kemkem ili akomeshe wizi. Fisi amekabidhiwa bucha!

"Bwana Vitus!" Tupokigwe aliugonga mlango kwa viganja. "Umetufungia! Tumo humu!"

"Najua," sauti ilijibu, na viatu vikaondoka taratibu.

Hanifa alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Lakini marobota yalikuwa yamefunuliwa, na vumbi la pamba lilijaa stoo nzima. Akakohoa tena, akashika ukuta.

"Madamu," alisema. "Kifua."

Tupokigwe alishtuka. Alikuwa amesahau kabisa kwamba binti huyu ana pumu. "Dawa yako iko wapi? Ile ya kuvuta?"

"Kwenye mkoba wako. Nilikuomba unishikie."

Mkoba ulikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, nje ya mlango. Hatua tatu. Na simu ya mwalimu ilikuwa hapo hapo mezani. Simu ya Hanifa ilikuwa kwa kamati ya nidhamu tangu Jumatatu.

"Tupige kelele," Hanifa alisema.

"Nani atusikie? Watu wote wako Chimala."

Kweli tupu. Mpishi wa chuo amefiwa na mama yake, na tangu alfajiri basi la chuo lilibeba walimu na wanafunzi kwenda kuzika. Tupokigwe alibaki kumalizia sare za mahafali. Hanifa alibaki kwa sababu mtuhumiwa haruhusiwi kutoka. Chuo kizima kilikuwa na watu watano, ukimhesabu na paka wa jikoni.

Hapo simu ikalia mezani. Wimbo wa kwaya, sauti za kina mama na kinanda.

"Ezron!" Tupokigwe aliruka. Mumewe ni fundi wa mitambo kwenye machimbo ya Chunya, na kila siku hupiga asubuhi, kisha tena mashine zikizimwa kwa chakula. "Ezron! Ezron, niko humu!"

Unaongea na simu iliyo mezani, mama? Lakini usimcheke. Nawe ungefanya hivyo hivyo.

Wimbo ulikatika ghafla. Mtu ameipokea.

"Haloo, shemeji!" Ilikuwa sauti ya Vitus, tamu kama juisi. "Hapana, mwalimu amekwenda msibani Chimala na basi la chuo. Amesahau simu hapa... Ee, nitamwambia. Kazi njema, shemeji."

Mume wake mwenyewe sasa anaamini yuko Chimala.

"Bwana Vitus," alisema, safari hii kwa upole, mdomo ukiwa kwenye ufa wa mlango. "Mambo ya kompyuta tuyaache. Sikuona kitu. Huyu mtoto ana pumu. Dawa iko ndani ya mkoba, kichupa cha bluu. Mpe tu, halafu ufunge tena."

"Pumu ya wanafunzi naijua. Huanza siku ya mtihani, hupona siku ya disko."

"Msikie basi anavyopumua!"

Pengine alisikiliza. Kisha karatasi ikaingia chini ya mlango, na kalamu ikaifuata.

"Hanifa," Vitus alisema, "andika kwamba kompyuta umeziiba wewe na kwamba mwalimu wako alikupa mahali pa kuficha. Weka sahihi. Barua itoke, dawa iingie."

"Usiandike!" Tupokigwe aliikanyaga karatasi.

Hanifa alikuwa ameshakaa sakafuni, mabega yakipanda na kushuka. Akaivuta karatasi taratibu kutoka chini ya kiatu cha mwalimu wake.

"Madamu, barua nitaikana baadaye. Nikifa nitaikana na nini?"

Akaandika. Mistari minne. Barua ikatoka. Wakasikia ikisomwa, ikikunjwa.

"Dawa!" Tupokigwe alipiga kelele.

"Utapewa mbele ya polisi. Nakwenda kuwaleta."

"Vitus! Mbwa wewe! Dawa!"

Viatu vikaondoka. Simu ikaondoka navyo, ndani ya mfuko wa suruali. Mkoba ulibaki mezani, na kichupa cha bluu ndani yake, hatua tatu tu kutoka kwa mwenye kukihitaji.

Sasa nifuate getini, msomaji. Hawa wa stoo hawawezi kuyasikia haya, ila wewe uyasikie.

Getini alikuwako mlinzi mmoja tu, Mzee Jailos, Mnyakyusa wa Rungwe, koti refu la kaki, rungu kwapani. Ndiye baba yake Ezron. Kwa maana nyingine, ndiye baba mkwe wa Tupokigwe.

Na hapo ndipo palipo na mwiba. Kwa Wanyakyusa wanaoishika mila, mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani, hawasemezani, hawatajani majina. Si uadui, ni heshima yenyewe hiyo. Vijana wengi wameiacha, lakini Mzee Jailos hakuiacha. Miaka minne Tupokigwe amepita kwenye geti lile kila asubuhi, na kila asubuhi mzee ameingia kibandani na kuelekea ukutani mpaka apite. Siku moja walikutana kwenye kona ya jiko. Mwanamke alijitupa nyuma ya mapipa ya maji, mzee akakimbia na kuacha kiatu.

Kila saa mzee hupiga rimu ya gari iliyotundikwa getini, kisha huzunguka majengo yote na kushika kila kufuli. Majengo yote, isipokuwa moja. Akilikaribia darasa la ushonaji huacha njia, hupita mbali nyuma ya mikaratusi, akarudi njiani mbele ya safari. Kwa miaka minne nyayo zake zimechora njia iliyojipinda kwenye majani. Kila mtu ameiona na kuicheka. Vitus peke yake ndiye aliyeiona na kufikiri: kumbe chumba kimoja katika chuo hiki hakina mlinzi.

"Kamwene, mzee," Vitus alimsalimu Kihehe, huku akishuka kwenye pikipiki.

"Ugonile, bosi," mzee alijibu Kinyakyusa. "Unatoka?"

"Naenda kituoni mara moja, kikazi." Akainama, akashusha sauti. "Mzee wangu, mkweo yuko kule darasani. Anajipima magauni ya mahafali, anavaa na kuvua. Usije ukapita karibu ukaona yasiyoonwa."

Mzee Jailos alifunika macho papo hapo, kana kwamba ameshayaona. "Yesu wangu! Ndaga, bosi. Ndaga sana."

Akamshukuru! Mwanamume yule aliondoka na ufunguo, barua na simu mfukoni, na bado akashukuriwa. Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, nikanywa maji.

Rimu ililia. Saa saba.

"Anakuja!" Tupokigwe alisema. Alipanda juu ya marobota, akafika kwenye dirisha dogo la juu, lenye kioo na nondo. Nyuma ya mikaratusi aliona koti la kaki. Lilikuwa mbali kuliko siku zote.

Alipiga kelele. Dirisha lilikuwa la kioo kizima kisichofunguka. Sauti ilitoka, maneno yakabaki.

Mzee Jailos aliisikia ile sauti. Aliijua. Basi akafanya kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya akisikia sauti ya mkwe: alikohoa kwa heshima, akavuta koti likamfunika kichwa, akaongeza mwendo.

"Mbona anakimbia?" Hanifa aliuliza kutoka sakafuni.

"Ni baba mkwe wangu."

"Kwani mkwe..." Hanifa alivuta pumzi, nayo ikaingia kwa mlio mwembamba wa filimbi. "Kwani mkwe haokoi mtu?"

Tupokigwe aliteremka, akaokota pasi ya mkaa, akapanda tena, akakipiga kioo. Vipande vilianguka nje.

"Saidiaa! Tumefungiwa!"

Koti halikugeuka. Lilikuwa kichwani, na masikio yalikuwa yamezibwa kwa vidole. Mzee hakutaka hata kuisikia sauti hiyo isiyo yake kuisikia.

"Ita wewe, Hanifa! Sauti yako haijui!"

Alimnyanyua binti hadi dirishani. Hanifa alifumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Tupokigwe alimrudisha chini akiwa analia. Alijua lililobaki, na aliliogopa kuliko mlango ule wa chuma.

Jina la mtu hupita hata kwenye koti.

Lakini jina la baba mkwe! Mama yake alimfundisha kabla ya harusi: hata ukiota, usilitaje. Mwanamke aliyelitaja hurudishwa kwao kama mtungi uliopasuka. Naye hakuwa na mtoto bado, na mawifi walikuwa wameanza kunong'ona. Angelitaja leo, kesho wangesema ndiyo laana yenyewe, tumeipata. Na zaidi ya hofu kulikuwa na upendo. Kila Ijumaa alikuta mkungu mdogo wa ndizi zilizoiva kwenye ngazi ya darasa, umefunikwa kwa gunia safi. Hakuna aliyesema unatoka kwa nani. Alijua. Mtu huyo ndiye ambaye sasa ilimbidi amvunjie heshima.

Alimtazama Hanifa. Akazishika nondo.

"Jailos!"

Koti likasimama.

"Wewe, Jailos! Jailos Mwasomola! Rudi!"

Mzee alisimama kana kwamba amepigwa jiwe mgongoni. Koti lilishuka begani. Rungu lilidondoka. Kisha, bila kugeuza uso, alianza kutembea kuelekea getini.

"Ameondoka," Tupokigwe alisema. Aliteleza chini kwenye marobota, akampakata Hanifa. "Nimemtukana bure. Ameondoka, mwanangu."

Walikaa. Pumzi za Hanifa zilikuwa zinahesabika.

Mara ikasikika hatua katika darasa la ushonaji. Hatua ya ajabu, kidole kwanza, kisha kisigino. Moja. Kimya. Nyingine. Stuli ikaanguka. Mtu alikuwa anakuja kinyumenyume.

"Mlango," sauti ya mzee ilisema, nzito, ikitetemeka kwa hasira. "Nakuuliza wewe mlango, simuulizi mtu. Ni nani amelitupa jina langu porini?"

Tupokigwe aliuweka uso kwenye chuma. "Mlango, mwambie mwenye jina kwamba aliyelitupa ataomba radhi mpaka kufa. Lakini humu kuna mtoto wa watu anakata roho. Bwana Vitus ametufungia. Kompyuta ziko humu, amezificha yeye."

Funguo zikalia. Mzee alikuwa ameupa mlango mgongo, anajaribu funguo kwa mikono iliyo nyuma yake. Wa kwanza. Wa tano. Wa kumi na mbili.

"Mlango, kufuli hili si la chuo. Ni jipya."

"Basi mwambie, mezani kuna mkoba. Kichupa cha bluu. Akipitishe chini yako."

Wakasikia plastiki ikikwaruza sakafu. Ikakwama. Ufa uliopitisha barua haukuweza kupitisha uhai wa mtu.

"Hakipiti," mzee alisema.

Kulikuwa na njia moja tu, na wote wawili waliijua. Dirisha. Na mtu hawezi kufikisha mkono kwenye dirisha la juu akiwa amelipa mgongo.

"Mlango," mzee alisema polepole, "mwambie anisamehe macho yangu."

Alizunguka nyuma. Alikwea ndoo, akainua uso. Tupokigwe, aliyekwisha panda tena juu ya marobota, alikuwa amefumba macho. Kisha akaona aibu ya kuyafumba, akayafungua. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne walitazamana. Ana macho ya Ezron, aliwaza. Mzee naye alikuwa analia waziwazi.

Mkono ukapita kwenye nondo. Vidole vyao viligusana, kichupa kikahama.

"Vuta, Hanifa! Vuta!"

Hanifa alivuta mara moja. Kifua kilifunguka kidogo. Akatikisa, akabonyeza mara ya pili. Ikatoka hewa tupu.

"Kimeisha, Madamu. Nilikuwa ninunue kingine."

"Baba, nyundo!" Tupokigwe alipaza sauti, mila ikiwa imeshavunjika vipande. "Karakana ya useremala! Vunja kufuli!"

Mzee Jailos aliruka kutoka kwenye ndoo, akageuka, na kukutana uso kwa uso na gari la polisi.

Wakashuka askari wawili. Mbele yao alitangulia Vitus, ameshuka kwenye pikipiki yake, karatasi mkononi.

"Mmejionea wenyewe, afande! Soma hii, mwizi amekiri kwa mkono wake. Na huyu ndiye aliyekuwa analinda. Chuo kizima kinajua hawezi kumtazama mkwewe, ndiyo maana hakagui jengo hili. Sasa tumemkuta anafanya nini? Anampa mkono dirishani! Mila ilikuwa pazia tu. Ni genge la ukoo."

Koplo Bertha, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyo na haraka, alisoma barua, akamtazama mzee. "Ni mkweo huyo?"

"Ni mkwe wangu."

"Na umemtazama?"

"Nimemtazama."

Pingu zikalia kwenye mikono yake mizee. Miaka minne ya heshima, na dakika moja ya huruma ndiyo inamfunga!

"Afande!" Tupokigwe alilia dirishani. "Mtufunge wote, lakini fungueni! Mtoto anakufa!"

"Fungua mlango," Koplo alimwambia Vitus.

"Naam, afande." Vitus alitia mkono mfukoni.

Hapo hapo, kutoka mfuko ule ule, kina mama wakaanza kuimba. Kwaya na kinanda. Vitus alibonyeza juu ya kitambaa cha suruali, wimbo ukanyamaza.

"Mke wangu," alisema, akitabasamu. "Huwa hana subira."

Koplo aliitikia kwa kichwa. Akaanza kugeuka.

"Afande," Mzee Jailos alisema.

Hakupaza sauti. Alikuwa anatazama pingu zake.

"Wimbo huo si wa mke wake. Mkwe wangu sijawahi kumwona mpaka leo. Lakini miaka minne nimesimama kibandani nimeelekea ukuta, naye akipita. Hatua zake nazijua. Kikohozi chake nakijua. Na wimbo huo umepita nyuma ya mgongo wangu kila asubuhi. Hiyo ni simu ya mtoto wangu. Muulize imefikaje mfukoni mwake."

Mikaratusi ilivuma. Koplo Bertha aligeuka tena, taratibu, akanyoosha kiganja.

"Toa simu."

Vitus alitoa mkono mfukoni. Hakutoa simu. Kati ya vidole vyake ulimeta ufunguo mmoja mdogo, mpya. Alikuwa mtu wa usalama, na hesabu yake alishaipiga: askari wawili hawawezi kuvunja mlango wa chuma na kumkimbiza mtu kwa wakati mmoja.

Aliurusha. Ufunguo ulipita juu ya uzio, ukawaka juani mara moja, ukatumbukia korongoni kwenye maji yaendayo kasi. Naye alikuwa ameshafika kwenye pikipiki.

Koplo alipuliza filimbi. Mwenzake alichukua hatua mbili kuelekea getini, hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama katikati akimtazama mkubwa wake. Mzee Jailos, mikono ikiwa kwenye pingu, alikuwa anaupiga mlango kwa bega lake.

Na nyuma ya mlango huo, Hanifa aliacha kukohoa.